Usiandike "Sina"

Fardosa,

Salaam zangu utazipata kesho kwa mdomo, mbele ya mama yako na mbele ya kadamnasi yote itakayokuja kukuaga, kwa hiyo hapa siweki nyingi. Naandika nikikimbizana na jua. Wazee wengine huandika barua za namna hii usiku, nyumba ikiwa imetulia. Mimi usiku siandiki. Usiku jicho langu ni pambo tu. Basi tangu tuliposwali adhuhuri nimekaa hapa nje, kiti nimekisogeza mpaka kwenye jua lenyewe, lenzi yangu iko mkononi, na atakayeniambia niingie kivulini atanitambua.

Eddo yako alitaka nirekodi kaseti. "Bonyeza redio useme, kama watu wote wanavyofanya," akaniambia. "Kwa nini ujitese na kalamu na hali yako hiyo?" Hali yangu hiyo! Ni dada yangu mkubwa, nikamwachia redio yake, lakini ndiyo maana naandika. Kaseti utaifungulia bwenini na kila msichana ataisikia. Tena nataka uone mwandiko wangu. Najua mistari inapanda mlima na herufi ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini nimeziandika mimi, kwa jicho langu mwenyewe, bila kuongozwa mkono na mtu.

Na nimeandika Kiswahili makusudi. Kisomali ni chetu cha kusemea, lakini Kiswahili ndicho kilichonilisha, miaka yote niliyosimama pale soko la mifugo katikati ya wafugaji wetu na wanunuzi waliotoka Kenya. Unaona, hata mimi nasema "Kenya", kana kwamba Garissa iko mwezini. Zaidi ya hayo, Kiswahili cha eddo yako ni cha kununulia nyanya. Akiifungua bahasha hii, na ataifungua, hataambulia kitu.

Habari za blanketi, za baridi ya huko, za kipande chako cha kitambulisho uwe nacho mkononi kila basi likisimamishwa, mama yako amezimaliza. Nyirinyiri amekwisha ifunga, harufu ya nyama ya kukaanga imejaa nyumba nzima. Mimi nina jambo moja tu. Jana niliisoma fomu yako.

Sikuwa nakupekua. Niliikuta mezani, nikataka kuliona jina lako likiwa limeandikwa kwenye karatasi ya chuo cha ualimu, jambo ambalo katika ukoo wetu halijawahi kuonekana kwa msichana. Nikaitoa nje juani, nikaipitisha lenzi polepole. Jina, sawa. Mahali pa kuzaliwa, sawa. Jina la baba, nikalisoma mara mbili kwa kujisikia. Halafu nikafika pale wanapouliza kama una ugonjwa wowote wa kudumu, na wewe, kwa wino wa bluu na mwandiko wako mzuri, umeandika: Sina.

Nilidhani jicho linanidanganya. Nikaisogeza lenzi, nikaileta karibu, nikaipeleka mbali. Sina. Nikamwita mama yako, na kwa vile yeye hajui kunidanganya akaniambia yote. Kwamba eddo yako amekupangia sindano na chupa za dawa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kwamba utajidunga chooni wasichana wakiwa wamelala, na siku ikishindikana utairuka, si siku moja tu. Kwamba nani ataoa msichana mwenye sukari. Na wewe ukamjibu, "Ni miaka miwili tu, nikimaliza nitasema."

Wallahi nilitaka kuichana ile karatasi vipande vipande. Mkono ulikuwa umekwisha ishika. Halafu nikajiuliza huyu mtoto kajifunza wapi kuficha, na jibu likaja lenyewe, nikaketi. Eddo yako alikupa kopo tu. Kuficha umejifunza kwangu. Sasa nisikilize, maana mambo haya mengine unayajua nusu, na mengine nilikudanganya kama nilivyowadanganya wote.

Unajua jinsi sisi madalali wa ngamia tunavyopatana. Muuzaji na dalali wanafunika mikono kwa shali, na chini ya shali vidole ndivyo vinavyosema. Kidole hiki kina maana yake, vidole viwili vikibanwa vina maana yake, na watu mia wamesimama hapo hawajui bei ni ngapi. Mdomoni tunaulizana habari za mvua. Kazi hiyo nimeifanya tangu ndevu zinaanza kuota, na nilikuwa hodari. Kabla ya shali, lakini, kuna macho. Dalali humpima ngamia kwa macho: mwendo, nundu, chapa ya ukoo iliyochomwa shingoni au pajani. Mimi nilikuwa nasoma chapa kutoka upande wa pili wa uwanja. Watu walikuwa wakiwekeana dau juu ya macho yangu, na mimi najitia hamnazo huku nimevimba kifua.

Sukari ilinipata ulipokuwa na miaka minane. Mama yako ndiye aliyeigundua, kwa sisimizi. Walifanya msururu pale nyuma ya ua ninapokojoa, akaniambia nenda hospitali, nikamwambia sisimizi nao wanakunywa wapi kiangazi hiki. Nilikwenda nilipokonda mpaka pete ikanivuka kidoleni. Wakanipa vidonge, wakaniambia niache sukari, na daktari akasema: "Na kila mwaka uje tukuangalie macho."

Nilicheka, Fardosa. Nilicheka mbele ya yule kijana mpaka akacheka naye. Macho yangu? Mimi? Ngoja nikusomee tarehe ya ile kalenda kule mwisho wa ukumbi. Nikaisoma. Nikatoka kifua mbele, na kwa miaka sita sikurudi kwa ajili ya macho.

Sukari niliiacha nyumbani tu. Nyumbani nilikuwa mtakatifu. Sokoni, nani atakataa chai? Unamkalisha mfugaji aliyetembea na ngamia wake kutoka Sangailu, anakuagizia chai ya maziwa nzito, kijiko kinasimama wima, na wewe umwambie sitaki ya sukari? Ni kama umemwambia sitaki kukaa na wewe. Ndivyo nilivyojiambia. Na alasiri mirungi, na mirungi na soda, chupa baada ya chupa. Vidonge nilimeza nikikumbuka. Hakuna kilichoniuma. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, hakuna kilichoniuma hata siku moja.

Halafu zikaja nyuzi. Nyuzi nyeusi zikielea mbele ya jicho la kulia, na vidoadoa kama masizi. Nikawa napunga mkono uso wangu, watu wakiniuliza nafukuza nzi gani. Siku moja asubuhi nikaamka upande ule umekuwa wekundu na moshi. Unadhani nilikwenda hospitali? Nilipanda lori la mifugo mpaka Hadado kwa yule mzee anayetibu watu kwa kuwachoma. Akatia chuma motoni, akanichoma hapa kwenye panja, vidonda vitatu. Hizi alama unazoziona, nilizokuambia ni za utotoni, si za utotoni. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu na watoto.

Na moshi ukaondoka! Baada ya wiki kadhaa nikaona tena, si sawasawa, lakini nikaona. Loo, nilivyokipigia debe kile chuma. Nilimtangaza yule mzee Garissa nzima, nikampelekea mbuzi, na watu wengine wakaenda wakachomwa kwa sababu yangu, Mwenyezi Mungu anisamehe. Baadaye sana ndipo daktari wa Nairobi aliponieleza kwamba damu ilikuwa imevujia ndani ya jicho, na damu hiyo wakati mwingine hunyweka yenyewe. Chuma hakikufanya lolote. Mimi nilikuwa nimepewa onyo na nafasi ya pili kwa pamoja, nikavipeleka vyote viwili kumsifia mzee wa Hadado.

Damu ikarudi, na mara hii haikuondoka. Jicho la kulia likafungwa pazia. Hapo ndipo shali iliponiponza, maana vidole havihitaji macho. Niliweza kupatana nikiwa nusu kipofu na asijue mtu. Chapa nilizisoma kwa kupapasa, nikijifanya nampapasa ngamia kwa mapenzi. Umri niliutafuta kwa kidole mdomoni. Nikafika sokoni kabla ya wenzangu, nikawapitia ngamia mmoja mmoja kwa mikono, na jua likipanda mimi nimekwisha hifadhi kila kitu kichwani. Nilijiona mjanja. Kila jioni narudi nyumbani nimewashinda, na kila siku mishipa ya jicho la pili inaendelea kuharibika kimyakimya, na mimi sijui kwa sababu haiumi.

Mpaka siku ya ngamia wa Griftu. Alikuwa dume zuri, refu, na mwenyewe ni mzee mmoja mpole aliyejua Kiswahili cha maneno manne. "Ngamia hii hana shida," akamwambia mnunuzi, na mnunuzi akanigeukia mimi, kwa sababu neno langu ndilo lililokuwa likiaminika. Unajua tunavyopima jicho la ngamia. Unasimama ubavuni, unaupitisha mkono polepole karibu na jicho lake, akiona atapepesa. Nikaupitisha mkono upande wake wa kulia. Sikuona kama alipepesa au hakupepesa. Nilikuwa nimesimama na upande wangu mbovu, na badala ya kugeuka nikasema kwa sauti, soko lote lisikie: "Anaona. Nimemwona mwenyewe."

Kesho yake mnunuzi akamrudisha. Ngamia alikuwa chongo. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kama yai, mtoto angeliona, lakini mnunuzi alikuwa amenitazama mimi, si ngamia. Watu wakakusanyika, mmoja akacheka, halafu wote. Yule mzee wa Griftu hakucheka. Alikuwa na aibu kunishinda, maana alidhani jicho lile nimeliona na kulihesabu kwenye bei, na sasa yeye ndiye aliyeonekana tapeli. Na mimi nilifanya nini? Nilisema mwiba. Nikasema mwiba wa mgunga ulinichoma jichoni asubuhi ile ile, ndiyo maana sikuona. Nikatoka hapo nikajifunga kitambaa, na kitambaa hicho nikakivaa wiki tatu juu ya jicho ambalo halikuwa na jeraha lolote. Hata mama yako nilimwambia mwiba. Yule mzee nilimwacha aondoke na aibu yangu mgongoni mwake, na hilo ndilo ninaloomba nisilikute mbele ya Mungu.

Ni wiki zile zile wewe ukaanza kunywa maji. Hapa kalamu inakuwa nzito, nivumilie.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa unaumaliza mtungi peke yako. Nilikugombeza, Fardosa. Nilikuambia maji yanabebwa kutoka mtoni kwa punda, wewe unayamaliza kama ngamia aliyetoka jangwani. Mimi! Mimi niliyekuwa nimeugua kiu ile ile, nikaamka usiku mara sita kama wewe, nikakonda kama wewe, niliitazama kiu yangu ndani ya mtoto wangu na sikutaka kuijua. Eddo yako akakuletea soda upate nguvu. Mimi nilimruhusu. Siku uliyoanguka mlangoni, pumzi zako zina harufu ya matunda yaliyochacha, nilikubeba nikijua kabisa ni nini. Nilikuwa nimejua siku zote.

Wodini yule daktari mwanamke, mtu wa huko bara, alikuwa na haraka na hana mchezo. Akanipa karatasi nitie sahihi, akaninyooshea kalamu. Nikaishika hewa. Nikajaribu tena, nikaishika hewa. Akanitazama. "Mzee, macho yako vipi?"

"Mazima," nikasema. "Huu ni mwiba tu."

Na wewe, umelala pale na maji ya dripu yanadondoka kwenye mkono, midomo imepasuka, mtu ambaye saa chache kabla tulikuwa tunamsomea Yasini, ukafungua macho ukasema, tena kwa Kiswahili ili daktari asikie: "Haoni, daktari. La kulia haoni kabisa. Kila siku anagonga mlango wa choo. Na mwiba hakuna."

Wodi nzima ilisikia. Yule mama wa kitanda cha pili aligeuka kabisa ili asikie vizuri. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa na hasira na wewe mchana kutwa, na hatujui kama utapona. Lakini daktari alikwisha andika barua ya kunipeleka Nairobi, na hakunipa, alimpa mama yako.

Huko wakanitia matone ya kutanua mboni, wakaniweka kidevu kwenye mashine, wakachungulia nyuma ya jicho. Daktari akanieleza kama anavyomweleza mtu mwenye akili, jambo nililoshukuru. Sukari ikikaa juu muda mrefu, akasema, inaharibu mishipa midogo sana ya damu iliyo nyuma ya jicho, pale mwanga unapoangukia. Inavuja, mingine inaziba. Jicho likikosa damu linaotesha mishipa mipya, na hiyo mipya ni dhaifu, inapasuka. Ndipo zinapokuja nyuzi na moshi. Nikamuuliza mbona hainiumi. Akasema huko nyuma hakuna maumivu, ndiyo maana watu huja wamechelewa, na wengi hufika wakiwa bado wanasoma vizuri kwa jicho moja na kujisifu nalo. Nilidhani mtu amemwambia habari zangu.

La kulia walishindwa. La kushoto lilikuwa limeanza njia ile ile, na mimi sikuwa na habari. Wakalipiga mwale, mashine ya mwanga mkali, mara nyingi, kwa siku kadhaa. Mwale haukurudisha kilichopotea. Ulizuia kilichobaki kisiende. Ulinila macho ya usiku kidogo, ndiyo maana unaniona sitoki baada ya magharibi, lakini mchana ninao. Ninao, Fardosa! Nakuona unavyokunja uso ukisoma. Naona mama yako anavyozidi kunenepa, nikimwambia ananitukana. Na yote hayo sikuyapata kwa ujanja wangu. Niliyapata kwa sababu mtoto mgonjwa alikataa kuufunga mdomo wake.

Sasa mtoto huyo huyo ameandika Sina.

Ulikuwa umekaa nami siku tulipomuuliza daktari habari zako. Alisema: huyu wa sindano, ikifika miaka mitano tangu aanze kuugua, aanze kuangaliwa macho kila mwaka, hata akiona vizuri. "Hasa akiona vizuri," akarudia, akanitazama mimi. Basi hesabu mwenyewe. Mwaka wa tano ni huu. Ni huu unaokwenda nao chuoni. Nani atakupa ruhusa ya kwenda hospitali ya macho, mtu ambaye hana ugonjwa? Ukiruka sindano ukaanguka darasani, mwenzako atajuaje asikupe tu maji na kukupepea? Eddo yako anakupenda, sisemi hakupendi. Anataka uolewe. Mimi nasema mwanamume atakayekukimbia kwa sababu ya sindano, mwache akimbie mapema, amekupunguzia kazi. Na mwalimu mkuu akikuletea maneno kwamba mgonjwa hawezi kufundisha, mwambie baba yako anakuja na basi la kwanza, na ana jicho moja lakini mdomo wake ni mzima.

Usidhani nakutuma vitani nikiwa nimejificha nyuma. Nilijua huwezi kunisikiliza wakati soko lote mpaka jana lilikuwa bado linaamini habari ya mwiba. Ndiyo, mpaka jana. Miaka mitano tangu Nairobi, na mimi bado ni mtu wa mwiba. Sukari yangu wanaijua watu wa nyumba hii na hospitali tu. Kwa hiyo asubuhi ya leo, wewe ulipokuwa unasukwa nywele, nilikwenda kwenye ule mkahawa unaotazamana na soko, wanapokaa madalali. Walikuwepo wote. Chai ikaletwa. Nikamwambia mwenye mkahawa, kwa sauti ile ile niliyosema "anaona": "Yangu isitiwe sukari. Nina ugonjwa wa sukari, mwaka wa kumi na moja sasa. Ndio uliokula jicho hili. Mwiba haukuwepo. Na yule ngamia wa Griftu, mzee wake hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu."

Nilisubiri kicheko. Nilikuwa nimekwisha panga na matusi ya kuwajibu, mazuri sana, yamebaki tumboni. Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema pole, nikamwambia pole ya nini, niletee chai. Mwingine akabadilisha maneno akauliza habari za mvua. Nikanywa ile chai chungu mpaka chini, nikaaga.

Sijafika hata kwenye lango la soko nikasikia mtu ananifuata. Unamjua, lakini jina lake silitaji, maana lake ni lake. Ni mtu mzito, mwenye sauti, ambaye kwa miaka amekuwa akinitania habari ya ngamia chongo. Akatazama huku na huku, akanishika mkono, na unajua alifanya nini? Aliufunika kwa shali. Watu wazima wawili tumesimama njiani mikono chini ya shali kama tunauza mnyama. Akaninong'oneza: "Na mimi naona nyuzi."

Niliiondoa ile shali. Nikamwambia Jumatatu tunakwenda hospitali, mimi na yeye, mchana kweupe, na asipokuja nitamfuata kwake nimwite mlangoni kwa jina na kwa ugonjwa. Atakuja.

Habari zako sikuzisema pale. Hizo ni zako, sina haki ya kuziuza sokoni. Ndiyo maana fomu sikuichana, wala sikuifuta, ingawa kifutio nilikuwa nacho na mkono uliniwasha. Imo humu ndani ya bahasha, imekunjwa mara mbili. Kalamu nimeitia pia, ile nyeusi nzuri. Utakata neno moja na kuandika jingine, na utaandika kwa mkono ule ule. Kopo la maziwa nimelitoa kwenye sanduku lako. Sindano na dawa nimezifunga kwenye kitambaa cheupe, juu kabisa ya nguo, mahali ambapo kila atakayefungua sanduku ataziona kwanza. Kile kitambaa ndicho nilichojifungia jicho. Mama yako amekichemsha, usijali.

Jua limefika kwenye ua, herufi zinaanza kuniponyoka, naacha. Kesho basi litasubiri askari wa kulisindikiza, kwa hiyo litaondoka jua limekwisha toka, nimeuliza. Watu watakuwa wengi, kila mtu atataka kukushika mkono, na eddo yako atalia kwa sauti. Wewe nitafute mimi. Usije upande wa kulia, huko nitasikia sauti tu. Njoo usimame kushoto kwangu, nataka nikuone ukipanda.

Baba yako